Chale ya Kisiginoni

Shangazi yangu, dada wa baba, si mtu wa kuchanga. Harusi anachangia kwa kunung'unika, na msibani anatoa chake huku akitupa jicho kuona nani hajatoa. Kwa hiyo siku nilipomwambia kwamba watu wa nchi kumi na mbili wanachangishana mtandaoni ili itengenezwe filamu ya mwanasesere, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hao watu hawana wagonjwa kwao?"

"Wanampenda, Shangazi. Wanamkusanya. Wengine wana vyumba vizima."

"Mwanasesere gani huyo wa kupendwa na watu wazima?"

"Tunu."

Kicheko kikakatika. Akaweka kikombe cha chai mezani, taratibu, kama vile kimejaa wakati kilikuwa kimebaki na mashapo tu. "Tunu wetu?"

Alikuwa na haki ya kusema wetu. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda kilichomtengeneza Tunu, jengo refu la bati nyuma ya stesheni ya treni, ambalo sasa ni ghala la magodoro. Kichwa cha Tunu kilitoka kwenye chumba cha joto kikiwa kipara, kikapelekwa kwa washonaji wa nywele, kikaungwa na kiwiliwili, kikavishwa gauni la bluu la vifungo vitatu, na mwisho wa yote mwanasesere mzima akafika mezani kwa Shangazi. Macho yake yalikuwa ya kulala: ukimlaza yanafumba, ukimwinua yanafumbua. Kazi ya Shangazi ilikuwa kulaza na kuinua. Laza, inua, mia nne kwa siku. Macho yote mawili yakifumbua pamoja, Tunu alikwenda kwenye boksi. Jicho moja likichelewa, Shangazi alichukua wembe, akamchanja chale kisigino cha kushoto, akamtupa kwenye gunia la mbovu, na jioni gunia likaenda kwenye mashine ya kusaga. Kiwandani walimwita Mkaguzi. Kiwanda kilifungwa, jina halikufungwa nacho.

Sasa, watu wazima hawa wanaokusanya wanasesere wana mambo yao. Tunu wa kawaida, mwenye macho yanayofumbua sawasawa, hawamtolei jasho. Wanachokifia ni yule mbovu. Wanamwita Mkonyezo, kwa sababu ukimwinua anakukonyeza. Wanajulikana ishirini na watatu tu duniani, wote wana chale kisiginoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuzwa dukani. Nikiwa na miaka sita mimi mwenyewe niliwahi kupewa mmoja na Shangazi. Nilimnyoa nywele, nikamfundisha kuogelea kwenye ndoo, akafa maji. Siku hizi nikisoma wanavyouzwa huwa natafuta kiti kwanza.

Basi filamu yenyewe ilikuwa na swali moja: nani aliyewatoa kiwandani?

Ukurasa wa mchango ulikuwa umefunguliwa na binti mmoja mwembamba, mtengeneza filamu, mwenye begi la kamera kubwa kuliko mgongo wake. Masharti yalikuwa hivi: siku thelathini, na kiasi kikitimia filamu inatengenezwa, kisipotimia hata kwa senti, kila mtu anarudishiwa chake na filamu imekufa. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, kompyuta iko mbele yangu kutwa, kwa hiyo niliusoma ukurasa ule kuliko nilivyosoma vitabu vyangu vya shule. Jioni nilimpelekea Shangazi simu yangu nimsomee. Juu kabisa, kwa herufi nene, paliandikwa: *Mwizi Aliyewaokoa*. Chini yake palikuwa na picha ya tangazo la zamani la kiwandani, karatasi iliyopigwa chapa, imekunjika pembeni. Lilisema mfanyakazi wa kitengo cha nywele amefukuzwa kazi kwa wizi wa mwanasesere mmoja.

"Wamempata," nikamwambia. "Ni yule aliyekuwa anaitwa Msusi. Ana saluni yake hapo barabara ya sokoni. Ukiona wanavyomsifu! Huyu anasema ni shujaa. Huyu anauliza kaburi lake liko wapi apeleke maua."

"Kaburi?" Shangazi akasema. "Si yu hai?"

"Yu hai. Amekataa kuhojiwa. Alimwambia binti wa kamera, 'Mimi sikuiba. Filamu yenu ni ya mwizi, basi tafuteni mwizi.' Akamfungia mlango. Tangu hapo mchango umekwama, uko asilimia sitini na mbili. Watu wanataka kumwona."

Shangazi akapeleka mkono kichwani. Ana tabia ya kugusa kitambaa chake cha kichwani anapofikiri. Sijawahi kumwona nje bila kitambaa, na nilidhani ni utu uzima. Nilijua pia kwamba akitaka kusukwa hupanda gari mpaka mtaa wa mbali, ilhali barabara ya sokoni iko dakika tano kwa miguu, na hilo nalo nilidhani ni ubishi wake tu.

"Hakuiba," akasema.

"Unajuaje?"

"Kwa sababu niliiba mimi."

Alilisema kama anayetaja bei. Halafu akaniambia yote bila kusimama, na mimi nayaweka hapa kwa ufupi kwa sababu yatasimuliwa tena.

Walikuwa wanamuuma, wale wa kukonyeza. "Walikuwa wazima," alisema. "Jicho moja tu linachelewa. Mtu umlaze, umwinue, akukonyeze hivi, halafu umpeleke kwenye mashine? Nilishindwa." Akashona mfuko ndani ya aproni yake, upande wa tumbo. Kila baada ya wiki kadhaa mmoja alitoka naye getini, kwa sababu wafanyakazi walipekuliwa lakini wakaguzi hawakupekuliwa. Aliwagawa kwa watoto: mimi, watoto wa jirani, mtoto wa muuza mkaa. Alitoa arobaini na mmoja. Wale ishirini na watatu wanaojulikana ni wale ambao wenyewe walikua bila kuwafundisha kuogelea.

Kisha uongozi ukapata fununu. Ijumaa moja, wakati wa chai ya saa kumi, habari ikazagaa chooni kwamba leo wanapekuliwa wote, wakaguzi pia. Shangazi alikuwa na mmoja tayari mfukoni. Gunia la mbovu lilikuwa limeshachukuliwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo palining'inia kikapu cha Msusi, rafiki yake, waliyekula naye chakula cha mchana kwenye benchi moja miaka kumi na moja. Msusi alikuwa na mimba ya miezi minane. Na pale kiwandani kulikuwa na desturi, haikuandikwa popote: mwenye mimba hasimami foleni ya kupekuliwa, anapita geti dogo, mlinzi mzee anamsalimia na kumwambia aende akapumzike.

"Nikamweka chini ya sufu aliyokuwa anafumia soksi za mtoto," Shangazi alisema. "Nikasema nitamchukua kituoni, wala hatajua."

Geti dogo siku ile lilikuwa na mlinzi mpya. Hakuna aliyemwambia desturi.

Msusi alifukuzwa siku hiyo hiyo, bila kiinua mgongo, tumbo likiwa mbele. Jumatatu tangazo likabandikwa. Shangazi akarudi mezani kwake, laza, inua. Alifanya kazi miaka miwili zaidi mpaka kiwanda kilipofungwa, na katika miaka hiyo kila aliyemkonyeza alimchanja na kumpeleka kwenye mashine mwenyewe, kwa mkono wake. Hakumtoa hata mmoja.

Sasa nitasema nilichohisi, maana sipendi kujifanya malaika. Nilikasirika. Sikukasirika kwa sababu ya wizi. Nilikasirika kwa sababu ya miaka ishirini na sita ya kupita barabara nyingine.

"Mwambie binti wa kamera," nikasema. "Kesho. Filamu itasema kwamba Msusi ni mwizi na itabaki hivyo maisha."

"Nikimwambia huyo kwanza," akasema, "hao watu wako watanipigia makofi. Mimi nastahili kofi kabla ya makofi. Na kofi lenyewe analo Msusi."

Nikazima simu, nikamuuliza tutakwenda siku gani.

Tulikwenda Jumanne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tisa mchango ufungwe. Saluni ya Msusi ni chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili vya plastiki, benchi la wateja na kigoda kifupi mbele ya kiti chake. Harufu ya mafuta ya nywele inakupokea kabla ya mwenyewe. Msusi ni mama mnene, mtaratibu, vidole vyake virefu havilingani na mwili wake. Kiwandani alikuwa anashona nywele kichwani kwa Tunu, tundu kwa tundu, na mpaka leo akimsuka mtu mistari yake huwezi kuikosoa hata kwa rula. Kwa ndani binti yake alikuwa anafagia. Ana miaka ishirini na sita, hesabu yake haihitaji kikokotoo.

Shangazi alisimama mlangoni. Sijawahi kumwona amesimama hivyo, mikono mbele, kama mtoto aliyetumwa na ujumbe wa mwalimu.

"Hodi."

"Karibu," Msusi akasema bila kuinua kichwa. Kisha akainua. Akamwangalia muda. "Mkaguzi."

"Msusi. Nimekuja..."

"Najua ulichokuja nacho."

"Hujui."

"Mimi nishone nywele miaka kumi na moja nisijue mkono wa mtu? Wakaguzi mlikuwa watatu pale. Wawili walichanja chale imenyooka. Wewe ulichanja upogo, inapanda huku." Akachora hewani kwa kitana. "Yule mlinzi alipomtoa kwenye kikapu changu alimshika miguu juu. Kitu cha kwanza nilichoona ni kisigino. Nikageuka. Ulikuwa kwenye foleni ya geti kubwa, hatua kumi na mbili tu kutoka kwangu. Nilikuangalia. Ulikuwa unaangalia viatu vyako."

 Kwa kweli hata wakati ule Shangazi alikuwa anaangalia viatu vyake, na nadhani aliligundua hilo, maana aliinua uso haraka.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nikutaje? Ungekataa. Ningebaki mwizi na mwongo juu yake. Nikasema, ngoja, ni rafiki yangu, atasema mwenyewe kesho. Kesho ilikuwa Jumamosi. Nikasema atasema Jumatatu. Jumatatu likabandikwa tangazo. Nikasema basi atakuja nyumbani. Halafu uchungu ukanishika, nikawa na kazi nyingine."

Alisema haya yote kwa sauti ya mtu anayemweleza mteja namna ya kutunza nywele. Mimi ndiye niliyekuwa natokwa jasho.

"Vua kitambaa," akamwambia Shangazi.

Shangazi akavua. Kichwa chake kilikuwa na mvi nusu, na kimesukwa vibaya, samahani kwa msusi wa mtaa wa mbali.

"Nani kakuharibu hivi? Kaa." Akamwonyesha kigoda. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwite yule msichana wa kamera. Tangazo langu lilibandikwa mahali watu wote walipita. Na hili litasemwa hivyo hivyo."

Nilipiga simu. Binti wa kamera alifika nusu saa baadaye akihema, begi likimvuta bega. Wakati huo Msusi alikuwa ameshafumua nywele zote za Shangazi na kuzichana, wala hawakuwa wamezungumza zaidi ya "inamisha" na "geuka". Kamera ikawekwa kwenye miguu yake mitatu, mlangoni, penye mwanga. Binti akauliza kwa adabu kama akina mama wako tayari.

"Sema," Msusi akasema, akaanza mstari wa kwanza.

Waliowahi kusukwa wanajua kwamba ukikaa kwenye kigoda, kichwa si chako. Huwezi kugeuka, huwezi kuficha uso, na ukisitasita unavutwa. Shangazi alisimulia akiwa ameshikwa hivyo, macho kwenye kamera kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyapeleka. Alieleza laza na inua. Alieleza aproni na mfuko. Binti wa kamera aling'ata kalamu kwa furaha. Nadhani kichwani mwake asilimia zilikuwa zinapanda. Alieleza Ijumaa, chai ya saa kumi, kikapu. Msusi hakumkatiza. Alikuwa anagawa nywele, anasuka, anagawa, anasuka, mistari imenyooka kabisa. Nyuma binti yake alikuwa anaingia na kutoka: ndoo, dekio, takataka.

"Mlinzi akafungua kikapu," Shangazi akasema, "akaondoa sufu..."

"Kwa hiyo Mama hakuiba?"

Sauti ilitoka nyuma. Binti wa Msusi alikuwa amesimama katikati ya chumba na ufagio mkononi.

"Nimekuambia miaka yote," Msusi akasema, bado anasuka.

"Najua umeniambia."

"Shuleni walipokuita mtoto wa mwizi, nilikuambia. Ulipoolewa, ulipoulizwa na wakwe, nilikuambia. Nikakwambia mama yako hakuiba."

"Najua, Mama." Akaegemeza ufagio ukutani, ukaanguka, akauacha. "Mimi nilijibu 'sawa, Mama'. Kila mara. Lakini sikukuamini."

Vidole vya Msusi vikaacha kichwa cha Shangazi.

Nimeona watu wakilia, wengine hulia dukani kwangu kwa sababu ya karatasi za mahakama. Huyu hakulia. Aliweka kitana juu ya meza, akafuta mafuta mikononi kwa khanga, kidole kimoja kimoja, akamshika binti yake mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Tulisikia ndoo ikigeuzwa ili mtu akalie. Baada ya hapo hatukusikia kitu.

Kamera iliendelea kumrekodi Shangazi peke yake kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Hakuna aliyemwambia aondoke, hakuna aliyemwambia akae. Dakika kadhaa zikapita, kisha betri ikaisha. Binti wa kamera akasema kwa kunong'ona kwamba anayo ya kutosha, akafungasha vyombo vyake akaondoka akinyata.

Na kweli ilimtosha. Kwanza alifuta lile neno mwizi, hilo nampa heshima yake, kisha akaweka dakika tatu za mazungumzo yale kwenye ukurasa. Mchango ukatimia siku nne kabla ya kufungwa. Wakusanyaji walimpigia Shangazi makofi kama alivyoogopa. Wengine walilalamika kwamba hadithi ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Wameanza pia kupima chale kwa rula, za upogo wanaziita za kweli na zilizonyooka za kughushi, na mmoja wao aliuliza kama kiwanda kiliwahi kutengeneza Tunu aliyesukwa nusu kichwa, yuko tayari kununua. 

Lakini filamu yao, ikitoka, itaishia pale betri ilipoishia.

Tulikaa karibu saa nzima, Shangazi na mimi. Nilimwambia twende, tutarudi siku nyingine. Akasema yeye siku nyingine anazijua. Alikuwa amejishika magoti, na alikuwa anaangalia mlango wa nyuma, si viatu. Wateja wawili walichungulia, wakaona kile kichwa, wakaondoka.

Hatimaye wakaingia. Macho ya Msusi yalikuwa mekundu na ya binti yake yalikuwa mekundu zaidi. Msusi hakutuangalia. Alivuta benchi la wateja, akaliweka mbele kabisa ya kigoda, pale kamera ilipokuwa, akamkalisha binti yake hapo, uso kwa uso na Shangazi. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akachukua kitana, akaingiza vidole kwenye ile nusu ambayo haijasukwa.

"Tulifika kwa mlinzi," Shangazi akasema polepole. "Alipofungua kikapu."

"Hapana," Msusi akasema. "Anza upya, tangu mwanzo. Huyu alikuwa anafagia."